Mjumbe Aliyesomea India

Mpaka leo sijaelewa vizuri Kamande alisomea nini India. Amenieleza mara nyingi, tena kwa subira, na kila akimaliza mimi nabaki na maswali mengi kuliko niliyoanza nayo. Lakini siku namtuma kwa binti yangu nilidhani naelewa kabisa, na taabu yangu yote ilianzia hapo.

Binti yangu anaitwa Ornella, ana miaka kumi na tisa. Tulikuwa tunaishi wawili tu, Liverpool, si ile ya mpira, ni mtaa wa huku tulikohamia, karibu na stesheni. Yeye alikuwa anasomea uuguzi, mimi natunza wazee, na baba yake alitutoka tukiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Uganda. Siku moja nimerudi kutoka kazini nikakuta kabati lake liko wazi na nusu ya nguo hazipo. Akanitumia ujumbe kwamba yuko Lidcombe kwa rafiki yake, yuko salama, nisimfuate. Nisimfuate! Mtoto niliyevuka naye mpaka nimemfunga mgongoni, leo ananiambia nisimfuate Lidcombe, mahali ambapo treni inafika.

Nikapiga simu, hakushika. Nikatuma ujumbe wa sauti, nikaona ameusikiliza, hakujibu. Kazini nilikuwa nawaogesha wazee huku machozi yananitoka, mpaka bibi mmoja Mzungu akaniuliza kama sabuni imeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, sabuni.

Ndipo nikaenda Bankstown kwa shemeji yangu Balagizi, kaka wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye mkubwa wa familia yetu upande huu wa dunia. Kwetu Bukavu mtoto akikimbia nyumbani, mzazi haendi mwenyewe kumfuata, maana mtagombana mlangoni na majirani watajaa. Anatumwa mjumbe. Mjumbe anakwenda, anamsikiliza mtoto, anarudi, anapewa kiti kizuri, anakula anashiba, halafu anayatoa maneno yote mbele ya familia kama alivyopewa, bila kupunguza wala kuongeza. Mimi mwenyewe nilipokimbilia kwa shangazi yangu nikiwa msichana walifanya hivyo hivyo, na nikarudi.

"Tutamutuma nani?" nikamwuliza Balagizi. "Weye atakuogopa."

"Kuko ule kijana Mukenya wa ku kanisa," akasema. "Kamande. Iko na master. Alisomea India, mambo ya social."

Neno hilo likanishtua. Sisi tunajua watu wa social, hao wa ustawi wa jamii, wa aina mbili: wale wa kambini waliokuwa wanauliza kila mara nani alikufa na alikufa vipi, na wale wa hapa ambao watu wananong'ona kwamba wanachukua watoto. Balagizi akanicheka. Akasema huyu hamchukui mtoto wa mtu yeyote, yeye anapanga maboksi ghalani na bado anasubiri shahada yake itambuliwe huku. Halafu nikafikiria India. Kwetu mtu mwenye uwezo akiugua ugonjwa uliowashinda madaktari, anapelekwa India. Nikajiambia kwamba mtu aliyesomea mambo ya wanadamu huko huko, tena mpaka master, atawazidi wajumbe wote niliowahi kuwaona.

Kamande akaja Jumamosi. Ni kijana mrefu, mpole, hana haraka. Ukiongea naye anasubiri umalize, halafu anasubiri tena kidogo, na katika kule kusubiri unajikuta umesema jambo ambalo hukupanga kulisema. Nilimweleza habari za Ornella kuanzia kuzaliwa. Nilipofika mwisho akaniuliza, "Mama Ornella, ungependa nini kitokee?"

"Arudiye."

"Na yeye, unafikiri angependa nini?"

"Kamande, ule ni mutoto. Atapenda nini?"

Hakubishana. Akanywa chai. Mimi nikaona bora nijue chombo ninachokituma, nikamwuliza walimfundisha nini India kwa miaka yote miwili.

Akasema kuna somo la kumsaidia mtu mmoja, kuna la kusaidia kundi, na kuna la kusaidia mtaa mzima. Nikamwuliza kama hayo si somo moja. Akasema ni matatu, kila moja na mtihani wake. Kuna somo la jinsi mwanadamu anavyokua kutoka tumboni mpaka uzeeni, kuna sheria, kuna mipango ya serikali kuhusu maskini, na kuna takwimu za utafiti ambazo zilimtoa jasho. Siku mbili za kila wiki hawaingii darasani, wanakwenda hospitalini au kwenye mitaa ya mabanda kujifunza kazi. Tena kuna kambi. Hapo nikaacha kukoroga chai. Akasema si kambi kama zetu, ni wanafunzi wote kwenda kijijini, kulala kwenye shule, kuchimba mtaro na wanakijiji asubuhi, na jioni kuwaigizia mchezo wa kuwaonya juu ya pombe.

"Muliigiza kwa luga gani?"

"Kikannada. Lugha ya huko Mysore."

"Na weye unakijua?"

"Sikuwa nakijua. Ndio maana walinipea part ya mlevi. Mlevi hahitaji maneno mingi."

Nilicheka, nakiri, ijapokuwa moyo ulikuwa umejaa. Akaendelea kwamba mwaka wa pili kila mmoja anachagua tawi lake. Wengine walichagua mambo ya wafanyakazi wa viwandani, na rafiki yake mmoja sasa anakaa ofisini kwenye kiwanda cha matairi, anashughulikia likizo za watu. Nikauliza, huyo naye ni social? Akasema ndiyo, naye ni social. Yeye mwenyewe alichagua hospitali, watu wenye shida za akili na familia zao.

Hapo sikutaka kusikia zaidi, maana binti yangu si mgonjwa wa akili. Nikasimama kutafuta samaki kwenye friza. Kamande alikuwa bado anaongea nyuma yangu. "Mama, sikiza. Nikienda kwake, kile ataniambia ni chake. Sitakuletea mpaka yeye akubali. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikajibu, kichwa kiko ndani ya friza. Niliona ni adabu za Wakenya tu, wana maneno mengi ya kuomba ruhusa.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, akaja kutoa majibu. Nilikuwa nimepika bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga na mbuzi. Balagizi alikuja na tai yake ya harusi. Tukampa Kamande kiti chenye mto, tukamwacha ale, na hakuna aliyemwuliza kitu wakati anakula, kama desturi inavyotaka. Alipomaliza kunawa mikono, Balagizi akakohoa.

"Bon. Mujumbe, sasa utupatie maneno."

Kamande akatutazama mmoja mmoja. "Nimemwona Ornella. Ako salama. Anakula, analala, na anasema anakupenda, mama."

Tukangoja.

"Na nini tena?" akauliza Balagizi.

"Hayo ndiyo amenikubalia niwaambie."

Nilidhani ni utani. Nikamtazama Balagizi, naye akanitazama. "Kijana," akasema polepole, "mulikaa naye wakati mungapi?"

"Mchana mzima."

"Muchana muzima! Na alisema tu kama anakula na analala?"

"Amesema mengi, baba. Lakini ni yake."

Jamani. Nilimwambia Kamande kwamba nimemtuma mimi, amekula kwangu, na mtoto ni wangu, kwa hiyo maneno ya mtoto yanakuwaje mali ya mtu mwingine? Akasema India waliwafundisha kuandika mazungumzo yote na mtu, neno kwa neno, mpaka mtu alipokohoa, na kumpelekea mwalimu kila wiki. Nikapata tumaini. Nikasema basi vizuri, kama unajua kuandika yote, nipe hayo uliyoandika. Akasema hapana, hata kule walikuwa wanabadilisha majina, na karatasi hazikutoka nje ya chumba cha mwalimu. Nikazidi kuchanganyikiwa. Huyu mtu alifundishwa kukusanya maneno yote ya watu, halafu akafundishwa kuyakalia!

Balagizi akasimama, akavuta tai yake ikalegea. "Tulituma mutu, kumerudi sanduku lenye kufungwa," akasema, akachukua koti lake na kuondoka bila kuaga. Kamande alibaki. Akakusanya sahani, akaanza kuziosha. Nilimwambia aache, hakuacha. Nilisimama nyuma yake nikimsema, kwamba amenidanganya, kwamba hajui uchungu wa mama, kwamba hiyo master yake airudishe kwa wenyewe. Alikuwa anaitikia "mmh" na kuendelea kusugua sufuria ya sombe, na mimi sikujua kama namchukia au namwonea huruma. Nililia mbele yake. Akafunga bomba la maji akangoja nimalize.

"Naweza kumwuliza kama anataka kukuona," akasema. "Wewe peke yako. Akikataa, sitamlazimisha."

Siku ya Jumanne akanipigia simu, Ornella amekubali.

Tulikutana Lidcombe, kwenye duka la mikate la Wakorea ng'ambo ya stesheni. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri, nimebeba sombe kwenye bakuli, na nilipomwona amekaa pale dirishani nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Alikuwa amenyoa nywele zake zote. Alisimama, akanikumbatia haraka, akakaa. Kamande alikaa pembeni ya meza na kikombe chake kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine.

Nilianza mimi. Nilimwuliza nimemkosea nini, nani amemroga, kama hiyo nyumba ina wanaume, na nywele ameziweka wapi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, lakini haraka haraka, macho mezani. Mimi Kiingereza changu ni cha kazini: kaa, simama, nyanyua mkono, unasikia maumivu wapi. Nilishika neno "church" na neno "everyone", mengine yakanipita. Nikamgeukia Kamande.

"Anasema nini?"

"Mama, muulize yeye. Ako hapa."

Yaani hata kutafsiri anakataa! Nilikaribia kusimama niondoke. Lakini Ornella aliinua macho, akamtazama Kamande, kisha akanitazama mimi, na nikaona anatafuta Kiswahili chake, kile cha nyumbani ambacho huwa anakisikia tu na kukiacha kipite.

"Mama," akasema. "Ulisema mu kanisa."

"Nilisema nini?"

"Kuhusu train."

Nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma alikuwa kwenye treni, moyo ukaanza kumwenda mbio, pumzi ikakatika, akadhani anakufa. Walimshusha njiani, akapelekwa hospitali, na daktari akasema moyo ni mzima, ni hofu tu, inawapata watu wengi na ina msaada wake. Alinieleza jikoni huku anatetemeka. Jumapili hiyo nilisimama kanisani nikaomba wanipiganie mtoto. Akina mama wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakakemea roho ya hofu mpaka jasho likawatoka. Mimi nilirudi nyumbani nimefarijika.

"Kila mutu alijua," Ornella akasema. "Kila house tunaenda, wananiuliza, mapepo iliondoka? Hata mutoto wa Sunday school aliniuliza. Mama, nilikuambia weye. Nilikuambia weye tu."

"Nilikutafutia musaada, Ornella! Mutu anafichaka ugonjwa ili akufe peke yake? Wale banakuombea ni batu betu."

"Ilikuwa yangu."

Hilo neno sikulielewa, na sitadanganya, hata sasa linanisumbua. Ugonjwa wa mtoto unakuwaje si wangu? Niliyemzaa ni nani? Nilikuwa na majibu mengi mdomoni. Lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka kama siku ile jikoni, na nikaogopa kwamba moyo utaanza tena pale pale mezani, nikanyamaza.

Nikamwuliza kwa nini basi alikubali kuongea na Kamande, mtu baki kabisa.

Alinijibu Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, na safari hii nilielewa kila kitu. Siku Kamande alipokwenda, yeye alijua ni mimi na Balagizi tumemtuma. Akamwambia jambo moja kwa makusudi, jambo ambalo Kamande akilisema popote litamrudia. Halafu akakaa na simu mkononi akingojea nani atapiga wa kwanza, mimi, Balagizi, mchungaji au akina mama wa kwaya.

"Nilingoja," akasema. "Hakuna mutu alipiga."

Nikamtazama Kamande. Alikuwa anasoma bei za mikate ukutani. Nilimkumbuka akiwa kwenye kiti chenye mto, Balagizi anamfokea, mimi namtukana, na yeye ameziba mdomo, anaosha sufuria yangu. Nilisikia aibu na hasira pamoja. Kumbe kile nilichomlaumia ndicho kilichonileta kwenye meza hii. Nilimwonea wivu pia, niseme ukweli. Yeye ameishika siri ya mtoto wangu kwa siku chache tu akaaminiwa, na mimi nimemlea miaka yote.

"Urudie nyumbani," nikasema. "Tafadhali."

Ornella akazungusha kijiko. "Nikirudi, hautasema mu kanisa? Hata kwamba nimerudi, hautasema?"

Jumapili ile ile niliyompikia Kamande, kabla ya kwenda jikoni, nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima nikaweka nadhiri. Nilimwambia Mungu kwamba siku atakayonirudishia Ornella nitatoka mbele na ushuhuda, nitasema yote aliyotenda, nitacheza na sadaka yangu mkononi. Watu walipiga vigelegele. Mchungaji alisema amina mara tatu. Nadhiri si ahadi ya kununua viatu, Mungu akishaisikia ameisikia. Sasa mtoto ananiambia kwamba ili arudi, nadhiri ife.

Nikamgeukia Kamande, na safari hii nilikuwa naomba msaada kweli. "India walifundisha nini juu ya mutu alimuahidi Mungu kitu?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa dhati. "Wewe unaonaje, mama?"

Mungu anisamehe, kidogo tu nimmwagie chai. Miaka miwili, mtaro, mchezo wa mlevi, takwimu, hospitali, halafu mtu anakuuliza wewe unaonaje! Ningekuwa naona ningemwuliza? Lakini Ornella alikuwa ananingojea, na nilijua kwamba nikisema "ngoja kwanza nimwulize mchungaji" nimempoteza.

"Sitasema," nikasema. Maneno yalitoka kabla sijamaliza kufikiri.

"We'll see, Mum," akajibu. Tutaona. Alichukua bakuli la sombe akaondoka nalo.

Alirudi Ijumaa na mkoba mmoja tu. Nguo nyingine aliziacha Lidcombe, na nilijua maana yake, sikuuliza. Balagizi akapiga simu. Nikamwambia nitampigia baadaye, sikupiga. Mama Léonie wa kwaya akapiga, nikaangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuwanyanyua wazee. Furaha ilikuwa imenijaa kifuani na sikuwa na pa kuipeleka.

Jumapili Ornella akasema atakwenda kanisani na mimi. Sikumwomba. Tukaingia kwenye ule ukumbi tunaoukodi Bankstown, na vichwa vyote vikageuka kumtazama yeye na kichwa chake kilichonyolewa. Balagizi aliinua mikono juu kumshukuru Mungu. Tulikaa katikati. Kamande alikuwa nyuma karibu na mlango, ametoka kazini na buti zake za ghalani.

Ukafika wakati wa ushuhuda. Akasimama mmoja aliyepata kazi, akasimama mwingine aliyepona goti. Mchungaji akawapongeza, halafu akasogea mbele na kipaza sauti, uso umemng'aa.

"Naona kuko mama moja hapa," akasema, "Mungu amemutendea, na macho yetu inaona. Mama Ornella, si ulimuahidi Mungu?"

Akina mama wakaanza kupiga vigelegele. Mama Léonie alikwishaanza kuimba, na mpiga ngoma akamfuata. Kando yangu Ornella aliinama, akachukua mkoba wake chini ya kiti, akauweka mapajani na kuushika kwa mikono miwili.

Nikasimama. Miguu ilikuwa inataka kwenda mbele, ilizoea. Wimbo ukapungua ili watu wanisikie. Nilimtazama mchungaji, nikamtazama Balagizi, na sikujua kama ninayemwogopa zaidi ni Mungu au ni huyu mtoto niliyemzaa. Bado sijui. Sijui kama nimetenda dhambi, sijui kama kuna siku nitadaiwa, na aliyesomea India hakunisaidia hata kwa neno moja.

"Mchungaji, leo sina neno," nikasema.

Nikakaa. Balagizi, aliyekuwa ameinua tena mikono, akaishusha. Nilimsikia mtu nyuma yangu anauliza mwenzake huyu mama ana nini. Ornella alikuwa anatazama mbele tu. Baada ya muda akauteremsha mkoba kutoka mapajani, akaurudisha chini ya kiti.